Shahidi Asiyeona



Mimi ni mtu wa Bangwe. Nimezaliwa hapa, nimesoma chuo hapa na Ujiji, na kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikisomesha watoto Qur'ani na fiqhi katika madrasa yetu iliyo kando ya ziwa. Kutoka Bangwe kwenda Ujiji si safari ya kufungiwa masurufu. Nimekwenda huko kwa maziko, kwa arusi, kwa maulidi na kwa darsa za Ramadhani, mara zisizo na hesabu. Na kila nilipokwenda nilipita jirani na ile nyumba ya makumbusho ya Dakta Livingstone, wala sikuwahi kutia mguu ndani yake hata siku moja, mpaka mwaka jana.

Watu wakiniuliza sababu, jawabu nilikuwa nalo tayari. Nilisema kwamba nyumba ile ina masanamu, na mtu wa dini hana haja ya kukaa na masanamu. Jawabu hilo lilikuwa na heshima yake, na watu walilipokea. Lakini halikuwa jawabu lote. Leo nataka kukueleza ile sehemu iliyobaki, kwani huenda nawe, ndugu yangu, unayo nyumba moja kama hiyo ambayo kila siku unaizunguka kwa mbali.

Mambo yalianza kwa picha. Kijana mmoja niliyemsomesha tangu alif na ba, sasa anafanya kazi Uingereza. Siku moja alikwenda London katika jumba linaloitwa National Portrait Gallery, ambalo kazi yake ni kuhifadhi sura za watu mashuhuri wa nchi ile. Huko aliona picha moja iliyomsimamisha muda mrefu. Akatafuta nakala yake, na alipokuja likizo akaniletea, akaniambia, "Maalim, itazame hii, kisha uniambie unaona nini."

Picha yenyewe ilichorwa na Mwingereza aitwaye Thomas Jones Barker, yapata mwaka 1863, zama za Malkia Victoria, na jina lake kwa lugha yetu ni Siri ya Ukuu wa Uingereza. Malkia amesimama katika jumba lake la Windsor, pamoja na mumewe na mawaziri wake. Mbele yake amepiga magoti mtu mweusi, mwenye kilemba na mavazi ya fahari, ananyosha mikono kupokea kitabu. Kitabu hicho ni Biblia. Maana iliyokusudiwa ni kwamba mfalme mmoja wa Kiafrika alituma mjumbe kuuliza Uingereza imepataje nguvu zake, na Malkia akajibu kwa kumpa kitabu kile. Watu waliipenda sana picha hiyo, ikachapwa nakala na kuenezwa majumbani.

Ama hao wanaoitunza leo, wenyewe wanakiri kwamba hakuna tukio lolote linalojulikana ambalo picha ile inalieleza. Tena wanasema huenda sura ya yule aliyepiga magoti ina asili yake kwa Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa, aliyekwenda London kwa niaba ya Sayyid Said bin Sultan na kuhudhuria kutawazwa kwa Malkia Victoria mwaka 1838, akasifiwa kwa uzuri wa mavazi yake. Ikiwa ndivyo, hebu fikiri. Mwislamu wa Mombasa, mjumbe wa mfalme wake, amekwenda ugenini akasimama kwa miguu yake miwili mbele ya wakubwa. Baada ya miaka 25 anakuja mtu na rangi zake, anampigisha magoti, na anampa mkononi kitu ambacho hakupewa.

Jioni ile, baina ya Magharibi na Isha, nilikwenda na nakala ile darasani. Somo letu lilikuwa katika mlango wa ushahidi. Nikawaeleza wanafunzi kwamba shahidi ana masharti: awe na akili timamu, awe mwadilifu, na alishuhudie jambo kwa macho yake au kwa masikio yake, si kwa kudhani wala kwa kutamani. Kisha nikainua picha. Nikawaambia, "Mchoraji naye ni shahidi. Huyu hapa ameshuhudia jambo ambalo hakuliona. Na hivi ndivyo walivyotuchora sisi siku zote." Nilisema kwa nguvu, na wakubwa waliokuwa wameketi nyuma wakaitikia, "Naam, Maalim!" Kwa kweli niliona raha.

Hapo binti mmoja wa miaka 12 akanyosha mkono. Akauliza, "Maalim, na zile picha za Ujiji, kwenye nyumba ya Livingstone, nazo ni za uongo?"

Nikafungua kinywa kumjibu ndiyo. Jawabu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini macho yake yalikuwa yananitazama, na ubaoni nyuma yangu yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe masharti ya shahidi, la tatu likiwa ni kuona. Mimi picha zile sikuwahi kuziona. Nikamwambia, "Mwanangu, sijui. Tutakwenda tukatazame."

Jumamosi iliyofuata tulipanda daladala, mimi na watoto 9. Kabla hatujaingia niliwakusanya nje, chini ya mwembe, nikawaeleza hukumu ya picha kwa ufupi. Niliwaambia kwamba masanamu yenye kivuli wanavyuoni wameyakemea sana; kwamba picha za ukutani wamekhitilafiana juu yake; na kwamba hakuna khilafu kuwa kutukuza sura ya kiumbe ni haramu. "Sisi leo," nikasema, "tunaingia kama mtu aingiavyo mahakamani. Tunakwenda kusikiliza ushahidi. Hatwendi kuadhimisha kitu."

Mahali penyewe, kwa msomaji asiyepafahamu, pana nguzo ya mawe iliyochongwa ramani ya Afrika yenye msalaba, kuonyesha mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta Dakta David Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe ule wa asili ulikwisha kufa, na iliyopo leo inasemwa kuwa ni kizazi chake. Stanley alikuwa ametumwa na gazeti la New York Herald la Marekani. Alitoka Bagamoyo mwezi Machi na kufika Ujiji, kwa hesabu yake, tarehe 10 Novemba. Livingstone naye alikuwa amerudi Ujiji siku chache tu kabla, kutoka Nyangwe katika nchi ya Manyema, amechoka, mgonjwa, na mali aliyoiacha Ujiji ameikuta imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa aiangalie.

Ndani tuliwakuta wazungu wawili waliotengenezwa kwa karatasi iliyofinyangwa, wakubwa kuliko watu wa kweli, wamekabiliana, kila mmoja ameinua kofia. Watoto walicheka. Kisha wakaanza kuzunguka ukutani kwenye picha zilizochorwa na wachoraji wa nchi yetu, kila moja na maelezo yake chini, wakisoma kwa sauti kama wanavyosoma juzuu.

Mimi nilisimama mbele ya wale wawili nikawauliza watoto, "Ushahidi huu umepungukiwa na nani?" Hawakujua. Nikawaambia.

Mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley na kumwamkia katika mji wa Ujiji hakuwa Livingstone. Alikuwa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, mtumishi wa Livingstone, Mwislamu siku hizo. Wa pili alikuwa Chuma, Myao, ambaye utotoni aliokolewa katika msafara wa watumwa. Hao ndio waliorudi kumwambia mzee wao kwamba kuna mgeni. Hao ndio, Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliougeuza mwili wake kuwa amana. Wao na wenzao waliukausha, wakaufunga, wakauchukua kwa miguu takriban miezi 9 mpaka Bagamoyo. Ulipozikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwapo. Walifika Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.

Nikawaambia pia habari za Muhammad bin Gharib, mfanya biashara wa pwani. Mwanzo wa mwaka 1869 Livingstone alishikwa na ugonjwa wa kifua hata akakata tamaa ya kuishi. Muhammad bin Gharib ndiye aliyemuuguza, akampa dawa, akamchukua katika machela mpaka ziwani, na kutoka hapo akafika Ujiji mwezi Machi. Livingstone mwenyewe hakuuficha wema huo. Aliuandika.

Nilipokuwa nikiyasema haya, ndugu msomaji, moyo wangu ulikuwa umechangamka kama ule usiku wa darasani. Nilikuwa nawarudisha watu wetu ndani ya picha, mmoja mmoja, na watoto walikuwa wananitazama kwa fahari. Nami nilidhani safari yetu imetimia.

Yule binti alikuwa ameganda mbele ya ukuta mwingine. Palikuwa na picha ya msafara wa watumwa. Watu wamefungwa minyororo, wanawake wakiwa na mizigo kichwani, na pembeni yao mtu mwenye kanzu na kilemba. Akanitazama mimi juu mpaka chini, kofia yangu na kanzu yangu. Akauliza kwa upole kabisa, "Maalim, huyu aliyevaa kama wewe ni nani?"

Ningeweza kusema: hii nayo ni kama ile ya London, wachoraji wametusingizia. Watoto wangeniamini. Watu wazima wengi wangeniamini, na baadhi yao wangenishukuru. Lakini ningekuwa nimesema uongo nikiujua.

Kwani yule Muhammad bin Gharib niliyetoka kumsifu alikuwa akifanya biashara ya pembe na watumwa. Mkono uliompa Livingstone dawa ndio huo huo ulioshika mnyororo. Na Livingstone alirudi Ujiji mwaka ule wa 1871 kwa sababu ya jambo aliloliona Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai. Ilikuwa siku ya soko, na wengi waliokuja sokoni walikuwa wanawake. Watu wa wafanya biashara wetu wakawapiga risasi humo sokoni. Waliokimbilia mtoni wakazama. Wafanya biashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika hayo akiwa hana karatasi, akitumia magazeti ya zamani, na wino alioukamua katika matunda ya mti. Baadaye akayanakili upya kwa uzuri, na kitabu kikachapwa baada ya kufa kwake, mwaka 1874. Katika mwaka 2011 wataalamu walifanikiwa kuyasoma tena yale magazeti yaliyofifia kwa vyombo vya mwanga, wakaona kwamba maandishi ya kwanza na yale ya kitabu hayalingani kila mahali. Yaani hata shahidi aliyeona, aliporudia kuandika, alirekebisha. Lakini mauaji yenyewe yalikuwa ni kweli.

Dini yetu haikutuachia nafasi hapa. Katika Sura An-Nisaa tumeamrishwa kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu wa karibu. Aya hiyo nimeifasiri katika misikiti mingapi! Sasa ilikuwa imenijia kwa sauti ya mtoto wa miaka 12, ikingojea jawabu.

Nikamwambia, "Huyo aliyevaa kama mimi ni Mwislamu mwenzetu, mwanangu, na alilolifanya ni dhulma. Kanzu haikuigeuza kuwa halali." Akatikisa kichwa. Kisha akaelekeza kidole kwa mwanamke mmoja aliyekuwa katikati ya mnyororo. "Na huyu?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipokuwa lile jawabu langu lililobaki.

Bibi yangu, mzaa baba, alifariki mimi nikiwa na umri wa miaka 10. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, hodari wa kupika mawese. Jioni alipenda kukaa kwenye mchanga hapa Bangwe, akitazama ng'ambo. Hewa ikiwa safi, milima ya Kongo huonekana kutoka kwetu, mstari wa buluu juu ya maji. Alikuwa akiitazama milima ile mpaka giza liingie. Juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto palikuwa na kovu lililozunguka kama kikuku. Siku moja nilimuuliza ni la nini. Akasema, "La chuma." Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema, "Lualaba." Mto mrefu namna ile! Kijiji hakukitaja, na nadhani alichukuliwa mdogo mno hata hakukijua. Alivushwa ziwa katika mashua akiwa mtoto, katika miaka ile ya mwisho ya biashara hiyo, wakati watu wa Rumaliza na wenzake walipokuwa bado wana nguvu pande zote mbili za ziwa. Aliuzwa Ujiji. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha fungwa tangu mwaka 1873. Lakini huku bara utumwa haukupigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza, wakati bibi yangu ni mama mzima mwenye watoto.

Baba yangu hakupenda kuyazungumza hayo. Alitufundisha kusema kwamba babu zetu walikuja Ujiji kwa biashara. Nami nilipokuwa mwalimu, na watu wakaanza kuniita Shehe, nikaliremba neno hilo zaidi. Nikasema walikuja na mashehe wa pwani. Nikapata hata jina la mji wa pwani la kulitaja. Sikuwahi kusema waziwazi kwamba sisi ni wa ukoo fulani, lakini watu walipodhani hivyo sikuwakanya. Thomas Jones Barker alimpigisha magoti mtu aliyesimama. Mimi nilimfuta mwanamke mzima, kovu lake na mto wake, nikachora mfanya biashara mahali pake. Kazi yetu ni moja.

Na lau ingekuwa ni majivuno matupu, ningeomba toba usiku nikanyamaza, wala nisingekuchosha kwa maandishi. Lakini uongo haukai peke yake nyumbani. Unataka kulishwa, na kuna siku niliulisha haki ya watu.

Mwaka 2003 kijana mmoja wa hapa hapa, fundi wa mashua, mswalihina, alileta posa kwa binti wa marehemu mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa walii wake. Binti alikuwa radhi. Baadhi ya wazee wakaninong'oneza kwamba ukoo wa kijana ule ni "watu wa kununuliwa." Nami niliyekaa miguuni pa bibi mwenye kovu la chuma, niliyewasomesha watu habari za Sayyidna Bilal, niliyejua kwamba Mtume (S.A.W.) alimwoza Zayd bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, mwanamke wa Kikureshi, nilikaa mbele ya wazee wa kijana yule nikasema, "Hamna kufu nasi." Wakaondoka na posa yao kimya kimya. Binti yetu akaolewa kwingine, na ndoa ile haikudumu.

Basi ndiyo sababu ya mimi kutoingia nyumba ile miaka yote. Masanamu ya wazungu wawili hayakunitisha. Nilichokiogopa ni kumkuta bibi yangu ukutani na mtu akaniuliza, "Na huyu?"

Nilimjibu yule mtoto. Nilisema, "Huyo anaweza kuwa bibi yangu." Watoto wakanyamaza wote, mtunzaji wa nyumba naye akageuza uso akawa anatazama dirishani. Nikawahadithia habari za kovu na milima, hapo hapo tukiwa tumesimama. Nilipomaliza, mvulana mmoja akasema, "Bibi wa bibi yangu pia alitoka Lualaba, Maalim. Nyumbani wametuambia tusiseme." Na mwingine akasema hivyo hivyo. Katika watoto 9, watatu. Nasi tulikuwa tukisoma pamoja kila siku, kila mtu na siri ile ile kifuani mwake, kila mmoja akidhani ni aibu yake peke yake.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa yule fundi wa mashua. Sasa ni baba wa watoto wanne, ana karakana yake ufukweni. Alinipa kigoda, akatuma mtoto alete chai. Nikamwambia nilichokuja kusema, tangu kovu mpaka posa, sikupunguza. Aliendelea kupitisha mkono juu ya ubao aliokuwa ameupiga randa, kama mtu anayetafuta mahali palipobaki na makwaruzo. Kisha akasema, "Maalim, siku ile nilijua. Bibi yako na bibi yangu walivushwa kwa mashua moja. Waliitana mjoli mpaka kufa kwao. Baba alitukataza tusiseme, akasema wewe ni mwalimu wa watoto wetu, tusikuvunjie heshima."

Ndugu msomaji, umri wangu wote nimejiona kuwa mlinzi wa heshima ya ukoo wangu, kumbe aliyekuwa akiilinda ni mtu niliyemvunjia yake, miaka 20 na zaidi, bila ya kunidai hata neno. Aliniambia amenisamehe. Na sikuona hata chembe ya majivuno katika kauli yake, akarudi kwenye ubao wake.

Binti yetu yuko Mwanza. Nilimpigia simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimekusikia, Baba Mkubwa." Hakusema zaidi ya hapo, na sina haki ya kumharakisha.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Nami naona kwamba sisi watu wa ziwa hili tunapenda sana kulalamika juu ya wale waliotuchora vibaya, na malalamiko hayo yana haki ndani yake. Ali bin Nasr hakupiga magoti, na ni wajibu wetu kulisema. Susi alikuwa wa kwanza kutoa salamu, na ni wajibu wetu kulisema. Lakini haki ya kuwasahihisha wengine ina masharti yale yale ya ushahidi. Mtu hawezi kusimama mahakamani asubuhi akidai picha ya London irekebishwe, na jioni akarudi nyumbani kuupaka rangi ukoo wake. Wala hatuwezi kuwataja Waislamu waliouguza wagonjwa tukawaficha Waislamu waliofunga watu minyororo, ilhali wakati mwingine ni mtu mmoja.

Kwa hiyo nakusihi, ikiwa kwenu yupo bibi asiyetajwa, mtaje. Waulize wazee walio hai, leo, kabla ya maziko yao. Andika jina la mto, kama ni jina la mto tu lililobaki. Na ikiwa kwa ajili ya jina la ukoo uliwahi kumdhulumu mtu katika posa, katika safu ya msikitini, au katika jina la kumcheka, basi nenda kwake kwa miguu yako angali hai. Haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake, mpaka mwenyewe aridhike.

Ubaoni katika madrasa yetu, chini ya masharti ya shahidi, watoto wameongeza majina kwa chaki: ya mabibi na mababu waliovuka ziwa, kwa kadiri yanavyokumbukwa. La bibi yangu ni la nne. Kila Jumamosi tunalisoma, tunawaombea rehema wote, kisha tunaendelea na somo.

Ewe Mola, tufanye mashahidi wa kweli, hata juu ya nafsi zetu, na uwarehemu waliovuka wakiwa katika chuma. Amin.

Wabillahi tawfiq.